Mwana mpotevu alishikwa na njaa kwa sababu gani? Uzi kuhusu kile msomaji anachokuja nacho kwenye maandishi

ChakiNaUbao (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aurudie jioni.

Kabla hujaendelea, jibu swali moja kimoyomoyo. Yule mwana mpotevu wa Luka 15, aliyedai urithi baba yake akiwa hai, akaenda nchi ya mbali, akaishia kulisha nguruwe na kutamani maganda yao: alishikwa na njaa kwa sababu gani? Usifungue Biblia kwanza. Shikilia jibu la kwanza lililokujia.

Mark Allan Powell, aliyekuwa mwalimu wa Agano Jipya katika seminari ya Kilutheri huko Ohio, Marekani, aliwapa watu habari hii waisome, wafunge kitabu, kisha wamsimulie mwenzao kwa kumbukumbu. Katika Wamarekani 100, wote walisema kijana alitapanya mali. Waliotaja kwamba nchi ile iliingiwa na njaa walikuwa 6 tu. Baadaye akafanya vivyo hivyo St. Petersburg, Urusi, na watu 50. Huko 42 waliitaja njaa, na wengi wao hawakuona hata haja ya kutaja kutapanya mali.

Mji ule ndio ulioitwa Leningrad. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mamia ya maelfu ya raia wakafa kwa njaa na baridi. Mtu aliyelelewa na masimulizi ya bibi aliyenusurika pale hawezi kuliruka neno "njaa" kana kwamba ni pambo la hadithi. Kwake, kumaliza pesa ni upumbavu wa ujana ambao mtu huponea. Njaa ndiyo inayoua.

Kisha Powell akaja kwetu Tanzania. Akawauliza wanafunzi wa theolojia swali lile lile nililowauliza ninyi. Wengi hawakujibu kutapanya, wala hawakujibu njaa ya nchi. Walisema: kwa sababu hakuna mtu aliyempa chakula.

Wakamfafanulia. Kijana yuko ugenini. Mgeni hajui bei wala desturi, na pesa kumponyoka si ajabu. Njaa nayo huja ikapita. Lakini ni nchi gani hii ambayo mgeni anafikia kula na nguruwe, wenyeji wakimtazama? Kwa usomaji huo, aibu ya habari hii wanaibeba watu wa nchi ya mbali, na nyumba ya baba ndiyo kinyume chake: mahali ambapo hata asiyestahili anapokelewa.

Sasa fungueni Biblia zenu. Mstari wa 13: kijana alitapanya mali. Mstari wa 14: njaa kuu iliingia nchi ile. Mstari wa 16: hapana mtu aliyempa kitu. Majibu yote matatu yamo, yameandikwa wazi, yamefuatana. Hakuna kundi lililobuni. Kila kundi lilisoma ukurasa mzima, na kila kundi likashika mstari mmoja kuwa ndio uti wa habari, mingine miwili ikafifia mpaka ikapotea kwenye kumbukumbu.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Nafundisha Kiswahili sekondari, na kila mwaka nakutana na watoto wanaoambiwa "hawajui kusoma" wakati herufi wanazijua, maneno wanayajua, na sentensi wanazimudu. Wanachokosa ni kitu kingine.

Naendelea hapo chini.

ChakiNaUbao

Someni sentensi hizi nilizotunga sasa hivi:

"Juma alifika kwa mama ntilie, akanawa. Wali ulikuwa umekwisha. Akala ugali, akaacha elfu mbili, akarudi gereji."

Nani alipokea pesa? Juma alipenda kula nini? Alikula kwa mkono au kwa kijiko? Ilikuwa saa ngapi, takribani? Juma anafanya kazi gani? Naamini mmejibu yote bila kusita: mama ntilie, wali, mkono, mchana umesogea, fundi magari. Lakini hakuna hata jibu moja lililoandikwa pale. Sikuandika kwamba alilipa, wala kwamba alitaka wali. Mmeyatoa kichwani mwenu, kwa sababu mnajua kwa mama ntilie kunaendaje: kuna ndoo na birika la kunawia, wali huwahiwa, na aliyechelewa hupata kilichobaki.

Wataalamu wa usomaji wanaliita bunda hilo la ujuzi skima. Ni dhana ya kitu pamoja na kila unachokitegemea kutoka kwake: nani huwepo, nini hutangulia, nini hufuata, nini ni aibu, nini ni kawaida. Mwandishi anategemea unalo. Asingelitegemea, sentensi zangu tatu zingekuwa kurasa tatu.

Aliyelipa jambo hili uzito katika saikolojia ni Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza wasome ngano ya Wahindi Wekundu wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Vijana wawili wanashuka mtoni kuwinda sili, wanakutana na watu ndani ya mitumbwi wanaokwenda vitani. Mmoja anafuatana nao. Anapigwa mshale lakini hasikii maumivu, na anatambua kwamba alioandamana nao ni mizimu. Anarudi nyumbani, anasimulia, na jua linapochomoza anaanguka, kitu cheusi kinamtoka mdomoni, amekufa.

Bartlett aliwataka wairudie kwa kumbukumbu, mara baada ya muda mfupi, mara baada ya miezi. Mitumbwi ikawa mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo moyo wa ngano, wengine waliiacha kabisa. Kile kitu cheusi kwa mmoja kikawa povu mdomoni, kwa mwingine ikawa roho inayoagana na mwili. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliisogeza ngano mpaka ikafanana na mambo yanayotokea kwao. Nimejiuliza mara nyingi bibi zetu wangeirudiaje. Nina hakika mizimu isingeachwa.

Mwaka 1979 watafiti watatu, Steffensen, Joag-Dev na Anderson, waliwapa Wamarekani na Wahindi wa India barua mbili, moja ya harusi ya Kimarekani, nyingine ya harusi ya Kihindi. Kila upande ulisoma barua ya kwao haraka zaidi, ukakumbuka mengi zaidi, na ukaivuruga barua ya wenzao. Barua ya Kimarekani ilisema bibi harusi alivaa gauni la bibi yake. Kwa Wamarekani hiyo ni heshima ya ukoo. Msomaji mmoja wa Kihindi akaelewa kwamba gauni lilikuwa kuukuu na limepitwa na wakati, akamsikitikia binti wa watu.

Tusiwacheke. Chukua barua ya kwetu: "Mshenga amerudi. Mkaja wa mama umekubaliwa, bado blanketi la bibi." Mpe mgeni asome. Atadhani bibi anaumwa baridi.

Kichwa_Ngumu_Dom

Mleta mada, nimesoma yote na nakupa heshima yako. Ila nina pingamizi. Kama kila mtu anakuja na utamaduni wake na kutoka na maana yake, basi hakuna anayekosea. Mwanafunzi akiandika upuuzi kwenye mtihani wa ufahamu atasema "hiyo ndiyo maana yangu, mwalimu". Mahakamani je? Mkataba wa kiwanja nao kila mtu asome kwa skima yake? Kuna mwandishi, na mwandishi alikusudia kitu. Kazi ya msomaji ni kukipata hicho.

ChakiNaUbao

Mkuu, pingamizi lako ni la haki, na nilitamani lije mapema.

Rudi kwenye ile mistari mitatu. Kama mtu wa nne angesema kijana alishikwa na njaa kwa sababu kaka yake alimloga, tungemwambia: onyesha mstari. Hana. Hapo ndipo maandishi yanaposema hapana. Louise Rosenblatt, Mmarekani aliyeanza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1938, alikuwa na msimamo ninaoukubali: shairi au hadithi hutokea pale msomaji na maandishi wanapokutana, kwa hiyo si moja, lakini si usomaji wote ulio sawa. Usomaji bora ni ule unaobeba maneno mengi zaidi ya ukurasani bila kuyapindisha, na bila kuingiza yasiyokuwemo.

Kuna mfano unaoonyesha uzuri na mpaka wa jambo hili kwa pamoja. Laura Bohannan, mwanaanthropolojia, alikuwa akiishi na Wativ wa Nigeria. Aliamini kwamba Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ina maana moja tu duniani kote, kwa kuwa binadamu ni yule yule. Siku za mvua, wazee wakiwa wamekaa wanakunywa pombe, wakamwomba naye asimulie hadithi ya kwao. Akasimulia hiyo. Makala yake ilitoka mwaka 1966.

Ilianza kuharibika mapema. Mfalme amekufa, na ndugu yake amemwoa mjane haraka. Kwa Shakespeare hiyo ndiyo fedheha inayomtafuna Hamlet, mwana wa mfalme. Wazee wakafurahi: vema kabisa, ndivyo inavyotakiwa, mdogo mtu amchukue mke wa kaka na awe baba wa watoto. Bohannan akajaribu kueleza kwamba mjane alipaswa kuomboleza muda mrefu. Mke wa mwenyeji akapinga: na muda wote huo nani angemlimia shamba?

Ukaja mzimu wa mfalme. Wazee wakakataa. Mfu hatembei wala hasemi, kwa hiyo kile kilikuwa ishara iliyotumwa na mchawi. Hamlet amerukwa na akili? Basi amerogwa, na kwa desturi yao wanaoweza kumroga mtu ni ndugu wa upande wa baba. Ophelia, mpenzi wa Hamlet, amekufa maji? Maji peke yake hayamuui mtu, ni uchawi tena, na mwenye kushukiwa ni kaka yake. Mwisho wa yote wakamwambia kwa upole kwamba amesimulia vizuri, na akija tena watamfundisha maana ya kweli ya hadithi zake, ili akirudi kwao wazee wake waone kwamba hakukaa na watu wajinga.

Mkuu, usomaji wao unashikana toka mwanzo hadi mwisho, na una akili nyingi. Wamejenga maana kamili kwa vifaa walivyokuwa navyo. Lakini tazama gharama yake: walilazimika kumkanusha msimulizi. Kila alipotaja jambo lisilokaa kwenye dhana zao, walimwambia amekosea kusikia, si hivyo ilivyokuwa. Wanafunzi wa theolojia wa Tanzania hawakuhitaji kukanusha neno lolote la Luka. Waliokota neno ambalo wasomaji wengine walilipita. Hiyo ndiyo tofauti ninayowafundisha watoto waitafute.

Kuhusu mkataba wa kiwanja: ndiyo maana wanasheria huandika kwa kurasa nyingi na kueleza kila neno mwanzoni. Wanajaribu kuziba kila tundu ambalo msomaji angelijaza kwa yaliyo kichwani mwake. Na bado kesi za viwanja hazishi.

Nyar_Rorya

Mwalimu, hao wazee wa Kitiv ningekuwa nao meza moja. Kwetu Waluo mjane kukaa na shemeji ni jambo lililokuwa na utaratibu wake na heshima yake, hata kama leo wengi tumeliacha. Niliposomeshwa tamthilia hiyo sikumwelewa Hamlet hata kidogo. Niliona kijana anayemuonea wivu baba yake mdogo. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwa wino mwekundu "soma tena". Nikasoma tena, nikaona vile vile. Laiti mtu angeniambia tu kwamba kwa Wakristo wa Uingereza ya wakati ule kumwoa mke wa ndugu yako lilikuwa jambo la haramu, ningeelewa kwa nusu saa.

ChakiNaUbao

Dada Nyar_Rorya, umeisema hoja yangu kuliko nilivyoisema mimi. "Soma tena" haimsaidii mtu ambaye kilichopungua hakimo ukurasani.

BintiwaNgambo

Assalaam alaykum. Mie nachangia kwa upande wa Unguja, na nachangia kuhusu maandishi ambayo hapa hayajatajwa na sisi tunayasoma kila siku: jina la kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, na chini ina jina. Majina yalianza kuchapwa miaka ya mwanzo ya 1900, na yale makampuni ya Mombasa kama ya Kaderdina Hajee Essak, yenye alama ya "Mali ya Abdulla", yanajulikana mpaka leo. Sasa nakupa jina moja: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Lina maana gani? Mtu wa mbali atakujibu kwa ufasihi: mtu unayemdhania ni fulani si fulani. Basi. Kwetu swali hilo halina jawabu mpaka niulize: nani kaivaa, mbele ya nani, na lini?

Akiivaa mama mtu mzima kwenda sokoni, ni nguo. Akiivaa mke mkubwa siku mke mdogo anapoletwa nyumbani, mtaa mzima umesoma, na mlengwa kasoma kuliko wote. Akiinunua dada akampelekea shoga yake aliyevunja ahadi, ni barua. Na ikianikwa kambani jina likaelekezwa dirisha la jirani, hapo pana maneno tayari, na mwenye kanga akiulizwa atajibu, "Mie nimeanika nguo yangu tu." Hasemi uongo. Kaandika bila ya kuandika, na jirani kaelewa bila ya kuambiwa.

Mama yangu alikuwa hanunui kanga mpaka jina lisomwe mara mbili, kwani zawadi ya kanga yenye jina baya huvunja ujirani wa miaka. Bibi harusi hapewi kanga ya mafumbo, hupewa ya dua na mapenzi. Watoto wetu wanaokulia Muscat na London wanazivaa kwa rangi tu. Herufi wanazisoma, kwani Kiswahili wanakijua. Naona uchungu kuwaona wakizianika vyovyote.

Kwa hivyo kaka uliyeuliza mwandishi kakusudia nini: mwandishi wa jina la kanga ni kiwanda. Kiwanda hakikukusudia kumsema mtu yeyote. Maana imo kwetu sisi.

Kichwa_Ngumu_Dom

Bi BintiwaNgambo, hapo kwenye kiwanda umenifunga. Sina la kujibu, naendelea kusoma.

Muuguzi_wa_Zamu

Naomba niongeze kutoka wodini, maana hili si la fasihi peke yake.

Kwenye bahasha ya dawa tunaandika 1 x 3. Sisi tunajua: kidonge kimoja, mara tatu, kila baada ya saa nane, ili dawa isishuke mwilini. Mgonjwa anasoma "mara tatu" na papo hapo anaiunganisha na kitu anachokijua cha mara tatu kwa siku, yaani milo. Chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Anayekula milo miwili anameza mara mbili, na akikuambia "namaliza dozi kama ilivyoandikwa" anaamini hivyo kwa dhati. Chai yake ni saa nne asubuhi na chakula cha usiku ni saa mbili. Katikati ya usiku na asubuhi dawa imekwisha kabisa mwilini.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani zaidi. Mtu anafuturu, anameza. Anakula daku, anameza. Kile cha tatu anakimeza pamoja na kimoja kati ya hivyo viwili ili "vitimie".

Wote hao wanajua kusoma. Kuna mama mmoja mwenye shahada nilimkuta amefanya hivyo hivyo. Tangu hapo siandiki namba tu. Namuuliza mtu analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakula lini, halafu tunaandika pamoja: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Inachukua dakika chache zaidi na foleni inalalamika, lakini nashikilia msimamo huo.

ChakiNaUbao

Dada muuguzi, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Mfano wako nitautumia darasani, kwa ruhusa yako. Maandishi ya tarakimu mbili na alama moja, na bado msomaji amejaza pengo kwa maisha yake.

Mwana_wa_Kibokoni

Maalim, mimi niko Mombasa, na nimetamka moyoni jina la Muyaka bin Haji tangu uliposema "pengo". Alikufa yapata 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee akishirikiana na mmishonari William Taylor, na Hichens akaja kuyachapisha mwaka 1940.

Ukimpa mtoto wa leo shairi la Muyaka lenye chombo, mawimbi na nahodha, ataona bahari. Na bahari ipo kweli, Muyaka alikuwa mtu wa pwani. Lakini watu wa Mombasa wa zama zile waliposikia chombo walisikia mji, na waliposikia upepo wa upande fulani walijua unatoka kwa nani. Ilikuwa enzi ya Mazrui, ukoo uliotawala mji, wakishindana na Seyyid Said wa Oman, aliyeutwaa mji mwaka 1837. Shairi lilisemwa barazani leo, kesho linajibiwa. Aliyetunga hakuhitaji kutaja jina, na asiyetajwa alijua kwamba ametajwa.

Ninachotaka kusema ni hiki, na hapa natofautiana nawe kidogo, maalim. Wewe wasema mwandishi huacha pengo kwa kuwa anadhani msomaji anajua. Mtunzi wa fumbo huacha pengo kwa makusudi ili mmoja ajue na mwingine asijue. Utamaduni hapo wawa ndio kufuli. Ukimwekea msomaji wa leo maelezo ya chini kwamba "chombo maana yake mji", umempa jibu, lakini ile ladha ya kulifumbua mwenyewe, na ile hatari ya kulisema mbele ya watu, hawezi kuipata tena. Mashairi haya yanafundishwa kama hesabu: taja mbinu tatu za lugha zilizotumika. Yanasikitisha.

ChakiNaUbao

Mwana_wa_Kibokoni, nakubali, tofauti hiyo ni ya kweli na sikuwa nimeiweka wazi. Pengo la kudhani na pengo la kufumba si kitu kimoja. Kuhusu maelezo ya chini bado nitayatetea, kwa sababu mtoto asiyejua kabisa habari za Mazrui hana hata tamaa ya kulifumbua fumbo. Hajui kwamba kuna kufuli. Ninachofanya ni kuwapa historia kwanza, siku moja kabla, bila kuwaambia shairi linasema nini. Nawaambia tu: mji ulikuwa unagombaniwa, hawa upande huu, hawa upande ule, na mtunzi wetu alikuwa upande huu. Kesho yake wanasoma. Mara nyingi wapo wawili au watatu wanaoinua kichwa katikati ya ubeti.

Mama_Watatu

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Darasa la saba alifaulu vizuri, alikuwa anasoma Kiswahili mpaka magazeti. Sasa hivi masomo ni kwa Kiingereza na anafeli ufahamu. Juzi nimeangalia daftari, habari yenyewe inahusu familia inayopanda treni ya chini ya ardhi kwenda kumnunulia bibi zawadi za Krismasi huku theluji inaanguka. Nimemuuliza theluji ni nini, akasema "ni kama barafu ya friji". Je, nimtafutie mwalimu wa Kiingereza wa jioni? Pesa yenyewe ya kuungaunga.

ChakiNaUbao

Mama Watatu, usiseme "mzazi tu", swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Mwanao amebebeshwa mizigo miwili kwa siku moja, lugha ngeni na dunia ngeni, na sisi walimu tunaiandikia alama moja. Kiingereza anahitaji kujifunza, hilo halina mjadala. Lakini usitoe pesa kabla hujajaribu hili: mpe habari ya Kiingereza inayohusu jambo analolijua vizuri. Kama anapenda mpira, mtafutie habari ya mechi aliyoitazama. Utashangaa anaelewa kiasi gani.

Sisemi kwa kubahatisha. Mwaka 1988 Recht na Leslie, watafiti wa Marekani, waliwachukua wanafunzi 64, wengine wasomaji hodari na wengine dhaifu, na katika kila kundi wapo wanaoujua mchezo wa besiboli na wasioujua. Wakawapa habari ya mechi ya besiboli wasome, kisha waionyeshe kwa vikaragosi kwenye uwanja mdogo na kuisimulia. Wasomaji "dhaifu" wanaoujua mchezo waliwapita wasomaji "hodari" wasioujua. Waalimu wenzangu mnaosoma hapa, tafadhali lipeni uzito jambo hilo. Alama ya ufahamu tunayoiandika kwenye ripoti mara nyingi inapima mtoto anajua nini kuhusu mada ile, na tunaisoma kana kwamba inapima akili yake.

Kwa hiyo habari ya treni: kabla hajaisoma, mweleze kwa Kiswahili. Kuna miji ambayo treni hupita chini ya ardhi kwa sababu juu hakuna nafasi. Theluji si barafu ya friji, inashuka kimya, nyepesi, inatanda mpaka paa na barabara zinakuwa nyeupe, na watu huvaa makoti mazito. Kama simu yako ina bando, mwonyeshe video ya dakika moja. Halafu mwache asome mwenyewe. Akimaliza usimuulize maswali ya kitabu kwanza. Mwambie akusimulie, na usikilize ameacha nini na ameongeza nini. Alichoacha ndicho asichokuwa na mahali pa kukiweka.

Kichwa_Ngumu_Dom

Mama Watatu, nina magazeti ya michezo ya Kiingereza ya miezi kadhaa hapa ofisini, huwa tunayatupa. Niandikie sehemu uliyopo kwa ujumbe wa faragha, nitayatuma na basi.

Mama_Watatu

Asanteni sana wote. Nimekuandikia, kaka. Mwalimu, jana usiku nilimsomea ile habari ya mwana mpotevu nikamuuliza swali lako. Kakaa kimya, halafu kaniuliza: "Mama, kwani huyu mama yake yuko wapi? Hakumpa hata nauli ya kurudia?" Nimesoma sura nzima. Mama hatajwi popote.

ChakiNaUbao

Mwambie ameona jambo ambalo wasomaji wengi wazima hawalioni, na alama ya kidato cha kwanza isimtishe. Wiki hii ampitie na yule kaka mkubwa aliyekasirika nje ya sherehe, mstari wa 25 hadi 32, kisha aandike kwa maneno yake kwa nini alikataa kuingia. Aandike kwa Kiswahili kwanza, kurasa mbili. Kiingereza kitafuata. Ukipenda nitumie picha ya daftari nisahihishe, sitoi namba, naandika maoni pembeni.